Elimu ya Al-Jabr na Haki za Warithi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitu kwa kadiri yake, akaweka mizani ili viumbe wasidhulumiane. Rehema na amani zimshukie Mtume Wake Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Amma baad. Yako mas'ala ambayo huzungumzwa mara nyingi barazani baada ya sala ya Isha, na kila mtu huyajibu kwa kadiri ya moyo wake, nayo ni haya: Mtu mwema, mchaji, asiyekula cha mwenziwe, amekabidhiwa kugawa mali ya maiti. Yeye hesabu yake haijui. Akakisia, akampa huyu zaidi na yule pungufu, na nia yake ni safi, hakumpendelea yeyote. Je, usafi wa nia yake wamtosha mbele ya Mwenyezi Mungu, au ataulizwa pia kwa alichokuwa hakijui?

Watu wengi husema kuwa wamtosha, kwani vitendo huhesabiwa kwa nia. Maneno haya yana asili, walakini yamewekwa pahali pasipo pake. Nia humfaa mtu katika jambo lake na Mola wake. Haki ya mja mwenziwe haitimii kwa nia, bali hutimia kwa kumfikia mwenyewe mkononi. Mwenye deni la shilingi kumi akilipa nane kwa nia njema, bado yuko na deni la mbili.

Ili jawabu ya mas'ala haya idhihirike, yapasa kwanza ijulikane elimu inayoitwa al-jabr, ambayo katika skuli za leo huitwa aljebra, na vijana wengi huiogopa kama mtu aogopavyo kisima cha giza. Kisha itaonekana kuwa elimu hii haikuingia kwa Waislamu kutoka mbali. Ilitoka kwao, na sehemu iliyo kubwa ya kitabu chake cha kwanza ilitungwa kwa ajili ya wasia na mirathi.

Asili ya elimu hii

Katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala Baghdad tangu mwaka 198 hata 218 wa Hijra (813 hata 833), alikuwako mwanachuoni jina lake Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Yeye alitunga kitabu kifupi cha hesabu ya al-jabr na al-muqabala. Katika dibaji yake alieleza ya kuwa amekusudia mambo mepesi yenye manufaa, ambayo watu huyahitaji daima katika mirathi yao na wasia zao, katika kugawana mali, katika mashitaka na biashara, na katika kupima ardhi na kuchimba mifereji. Wala hakusema maneno hayo kuipamba dibaji tu, kwani zaidi ya nusu ya kitabu hicho ni mas'ala ya wasia: fulani amekufa, ameacha watoto kadha, ameusia kadha, basi kila mmoja apate nini?

Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini mwaka 1145 na Robert wa Chester katika mji wa Segovia, nchi ya Hispania. Baadaye Gerard wa Cremona naye alikifasiri. Kwa njia hiyo Wazungu wakalitwaa neno "al-jabr" kama lilivyo, na jina la al-Khwarizmi lenyewe likawa ndilo jina la kila utaratibu wa hesabu unaofuatwa hatua kwa hatua, hata katika mashine za kompyuta za leo.

Walakini haki yataka isemwe yote. Watu wa Babeli walizijua hesabu za namna hii zamani sana. Wayunani walikuwa na Diophantus. Wahindi walikuwa na Brahmagupta, na al-Khwarizmi mwenyewe aliandika kitabu kuwafundisha watu tarakimu za Kihindi. Waislamu walitwaa kwa hawa na kwa wale, wakapanga, wakazidisha, wakawapa wengine. Elimu ni kama maji ya mto, kila mji hunywa pale yapitapo, na aliye juu hamwambii aliye chini kuwa maji ni yake peke yake.

Maana ya al-jabr na al-muqabala

Neno al-jabr asili yake ni kuunga mfupa uliovunjika na kukitengeneza kilichopunguka. Maana hii ilidumu hata Hispania, ambako zamani muunga mifupa aliitwa algebrista. Ama al-muqabala maana yake ni kukabilisha, yaani kuweka vitu viwili uso kwa uso. Na elimu yote imejengwa juu ya jambo moja: pande mbili zilizo sawa zitabaki sawa maadamu kila litendwalo upande huu latendwa na upande wa pili. Huu ndio unaoitwa mlinganyo, nao ni mfano wa mizani ya dukani. Sahani mbili zimelingana. Ukitia ratili hapa, tia ratili na kule. Ukitoa hapa, toa na kule. Atakayetia upande mmoja tu amekwisha haribu mizani, awe amekusudia au hakukusudia.

Tena watu wa elimu hii walipokutana na kiasi wasichokijua, hawakukikisia, wala hawakukiacha. Walikipa jina, wakakiita "shai", yaani kitu. Kisha wakaenda nacho katika hesabu kana kwamba kinajulikana, mpaka chenyewe kikajidhihirisha.

Mfano wa al-jabr: Mtu ana kumi, akatoa kitu, kilichobaki kikawa ni mara nne ya kile kitu alichotoa. Basi kumi kasoro kitu ni sawa na vitu vinne. Hapa ile kumi imevunjika, kwa kuwa imepungua kitu. Iungwe kwa kurudishiwa kitu chake, na upande wa pili nao uongezwe kitu. Kumi inakuwa sawa na vitu vitano, na kitu ni mbili. Ihakikishwe: kumi ukitoa mbili ni nane, na nane ni mara nne ya mbili.

Mfano wa al-muqabala: Ndugu wawili wana shilingi 100 baina yao, na mmoja ana 20 zaidi ya mwenziwe. Kila mmoja ana ngapi? Mwenye haraka atasema 70 na 30, kwa kuwa amezigawa nusu, kisha akampa mmoja 20 na kumpokonya mwengine 20, na tofauti ikawa 40. Mwenye elimu atasema: wa kwanza ana kitu, na wa pili ana kitu na 20. Vyote pamoja ni vitu viwili na 20, navyo ni sawa na 100. Zikitolewa 20 pande zote mbili, vitu viwili ni sawa na 80, na kitu ni 40. Basi mmoja ana 40 na mwengine ana 60. Mas'ala haya ni ya mtoto wa chuo, na bado yule mwenye haraka ameyakosa, akahamisha shilingi kumi za mtu kutoka mfuko hata mfuko, naye yuko radhi na nafsi yake.

Mas'ala ya mwana mwenye deni

Sasa na yatazamwe mas'ala yaliyomo katika kitabu cha al-Khwarizmi mwenyewe, kwani humo ndimo iliyomo siri ya jambo lote.

Mtu amekufa, ameacha wana wawili, na ameusia thuluthi ya mali yake apewe mtu mwengine asiye mrithi. Mali iliyoko ni dirhamu 10 taslimu, na dirhamu 10 nyengine ni deni ambalo mmoja wa wana hao alikopa kwa baba yake. Na iwe kwamba mwana huyo hana kitu cha kulipa kwa sasa. Hizi dirhamu 10 zilizoko zigawiwe vipi?

Waitwe watu wawili wema wakisie. Wa kwanza atasema: "Deni liwekwe kando, zigawiwe zilizoko." Thuluthi ya 10 ni 3 na thuluthi, hiyo ya mwenye wasia, na kila mwana naye apate 3 na thuluthi. Maneno haya yapendeza masikioni, lakini mwana mdeni ametoka na pesa mkononi hali bado ameshika dirhamu 10 za baba yake, na nduguye hana illa hizo chache. Basi ndugu amedhulumiwa, na mwenye wasia pia.

Wa pili atasema: "Mdeni amekwisha pata kumi yake, atolewe. Mwenye wasia apewe thuluthi ya zilizoko, na zilizosalia ni za ndugu wa pili." Basi mwenye wasia apata 3 na thuluthi, na ndugu apata 6 na thuluthi mbili. Haya nayo yapendeza, kwani mdeni hakupewa kitu. Lakini mwenye wasia amepunjwa, maana thuluthi yake imehesabiwa katika dirhamu 10 tu, na mali ya maiti haikuwa 10 tu.

Watu wawili, wote wema, na kila mmoja amedhulumu kwa namna yake. Laiti wangeshindana barazani mpaka alfajiri, hapana ambaye angemshinda mwenziwe, kwa sababu kila mmoja ana neno lenye sura ya haki.

Hesabu yenyewe ni hii. Sehemu ya deni ambayo yule mwana atajikatia kuwa ndiyo fungu lake katika mirathi haijulikani; basi iitwe kitu. Mali ya kugawiwa ikawa ni 10 na kitu. Thuluthi yake ni ya mwenye wasia, nayo ni 3 na thuluthi pamoja na thuluthi ya kitu. Zilizosalia ni 6 na thuluthi mbili pamoja na thuluthi mbili za kitu. Wakigawana wana wawili, kila mmoja apata 3 na thuluthi pamoja na thuluthi ya kitu. Na fungu la mwana mdeni ndilo lile lililoitwa kitu. Basi kitu ni sawa na 3 na thuluthi pamoja na thuluthi ya kitu. Itolewe thuluthi ya kitu pande zote mbili: thuluthi mbili za kitu ni sawa na 3 na thuluthi. Kitu ni 5.

Mali ni 15. Mwenye wasia ana 5, ndugu asiye na deni ana 5, na mdeni ana 5 ambazo amekatiwa katika deni lake. Dirhamu 10 zilizoko zagawanyika sawasawa baina ya wale wawili, na hapana aliyepunjwa. Zimesalia dirhamu 5 za deni juu ya mwana yule. Siku atakayopata, mali yote yatimia 20, na haki ya kila mmoja ni 6 na thuluthi mbili. Basi atamlipa mwenye wasia 1 na thuluthi mbili, na nduguye 1 na thuluthi mbili, na 1 na thuluthi mbili ni yake mwenyewe. Hesabu ya leo na hesabu ya siku hiyo zaafikiana, wala moja haiivunji nyengine.

Na azingatie msomaji. Lau mtu ataona kwamba dirhamu moja na thuluthi mbili ni kitu kidogo, na aweke shilingi laki moja pahali pa kila dirhamu. Hapo mwenye wasia wa yule mgawaji wa pili amenyimwa zaidi ya shilingi laki moja na nusu. Na huenda mwenye wasia huyo ni mtoto yatima wa ndugu, ambaye babu alimuusia kwa kuwa hana fungu mbele ya ami zake. Onyo la mwenye kula mali ya yatima limo katika Suratun Nisaa, aya ya 10, na kila mwenye kuisoma aya hiyo ajua moto uliotajwa humo.

Hukumu ya kujifunza elimu hii

Wanachuoni hawakuliacha jambo hili. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), naye ni katika maimamu wakubwa wa madhehebu ya Shafi'i, ameeleza katika Ihyau Ulumid Din kwamba hesabu ni katika faradhi za kutoshelezana, yaani fardhi kifaya, kwa kuwa watu hawana budi nayo katika muamala na katika kugawa wasia na mirathi. Mji ukikosa mtu wa kuisimamia, watu wake wote wamo katika dhiki. Na akisimama mmoja akatosha, wengine wameondokewa na dhambi. Ama kuzama katika mambo ya ndani mno ya hesabu, hilo amelihesabu kuwa ni fadhila, si faradhi. Basi hapana anayemlazimisha mvuvi na mkulima kuijua al-jabr. Linalolazimu ni kwamba mji usikose mwenye kuijua, na kwamba asiyejua asigawe.

Na katika hadithi aliyoipokea Abu Daud na wengineo, makadhi wamefanywa watatu: mmoja ni wa peponi, naye ni yule aliyeijua haki akahukumu kwayo, na wawili ni wa motoni, mmoja ameijua haki akaiacha, na mwengine amehukumu baina ya watu kwa ujinga. Huyu wa mwisho hakutajwa kuwa alikula rushwa, wala hakutajwa kuwa alipendelea. Kosa lake ni kuwa alikaa pahali pa mwenye kujua naye hajui. Hii ndiyo jawabu ya mas'ala yaliyotangulia. Mgawaji aliyekisia hali yuko wa kuulizwa, nia yake njema haikumwondolea jukumu, kwani amri ya kuwauliza wenye kujua imo katika Suratun Nahl, aya ya 43, na kuuliza hakugharimu kitu. Ama aliyetafuta akauliza, akajitahidi kwa kadiri ya uwezo wake, kisha akakosa, huyo ana udhuru wake, na likidhihirika kosa ni wajibu kurudisha haki kwa mwenyewe.

Majibu ya hoja

Lau mtu atasema: "Wazee waliotangulia waligawa mirathi wala hawakuijua al-jabr," ataambiwa: wazee walikuwa na wanachuoni wao. Imam Ali (r.a.) imepokewa kuwa aliulizwa naye yuko juu ya mimbari, khabari ya mtu aliyeacha mke, binti wawili, baba na mama. Akajibu papo hapo kwamba thumuni ya mke imekuwa tusui, yaani moja katika tisa, kisha akaendelea na khutuba yake. Na maelezo yake ni haya: mali ikifanywa mafungu 24, mke ana 3, mabinti wana 16, baba ana 4 na mama ana 4. Jumla ni 27, nayo yazidi 24. Basi kila fungu na liitwe kitu, na mali yote iwe vitu 27. Kama mali hiyo ni minazi 540 iliyo sawa kwa mazao, vitu 27 ni sawa na minazi 540, na kitu kimoja ni minazi 20. Mke ana 60, kila binti ana 160, baba ana 80 na mama ana 80. Kila mmoja amepunguka kwa kadiri ya fungu lake, wala upungufu haukutupwa juu ya mmoja tu. Je, mwenye kukisia angefikia hapa? Aghalabu angewapa wazazi na mabinti mafungu yao kamili, na kilichosalia hakuna, akamwambia mjane asubiri.

Lau mtu atasema: "Hii ni elimu ya skuli, haina uhusiano na dini," ataambiwa: Ibn al-Ha'im, aliyezaliwa Misri akasomesha Baitul Maqdis, na akafariki mwaka 815 wa Hijra (1412), alikuwa mwanachuoni wa Kishafi'i. Aliandika juu ya faraidhi, akaandika juu ya al-jabr, na hakuona kuwa mkono mmoja waandika dini na wa pili waandika dunia. Na al-Ghazali ametahadharisha juu ya rafiki mjinga wa Uislamu, anayedhani kuwa ainusuru dini kwa kuzikanusha hesabu zilizothibiti kwa hoja. Mwenye kuzijua akimsikia huwa hana shaka na hesabu yake, bali huanza kuwa na shaka na dini. Madhara ya rafiki huyu ni makubwa.

Lau mtu atasema: "Warithi ni ndugu, wasameheane tu, hesabu za nini?" ataambiwa: kusameheana ni jambo tukufu, lakini lina sharti zake. Yatima hana ruhusa ya kusamehe, wala msimamizi wake hana ruhusa ya kusamehe kwa niaba yake. Tena katika madhehebu ya Shafi'i, Imam Nawawi ameeleza katika Minhaj kwamba kumsamehe mtu deni lisilojulikana kiasi chake si sahihi kwa kauli iliyo jadidi, illa katika mambo machache. Hikma yake ni wazi. Dada anapoambiwa mbele za watu, "Umesamehe?" naye hajui kama ni shilingi elfu au ni laki kumi, amesamehe nini? Ameona haya tu, akanyamaza. Basi kwanza kihesabiwe kile kitu kisichojulikana mpaka kijulikane, kisha aambiwe, "Haki yako ni hii." Akisamehe baada ya hapo, amesamehe kweli, na thawabu zake ni kamili. Msamaha usiotanguliwa na hesabu mara nyingi ni dhulma iliyovikwa kanzu.

Lau mtu atasema: "Siku hizi yako mahakama ya Kadhi, na ziko mashine za kuhesabu," ataambiwa: ndiyo, mahakama za Kadhi zimo katika katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 170, na mirathi ni miongoni mwa kazi zao, na Unguja nako makadhi wako. Lakini mali nyingi hugawiwa nyumbani, juu ya mkeka, kabla ya mtu kufika kwa Kadhi. Na mashine huhesabu kile ilichoambiwa. Ikiambiwa kwamba mali ni 10 na deni lisitajwe, itatoa jawabu ya yule mgawaji wa kwanza, kwa upesi mkubwa zaidi.

Mpaka wa elimu hii

Na pande zote mbili za mizani zitazamwe. Al-jabr haijui halali na haramu. Mtu ametoa zaka yake moja katika arubaini, akabakiwa na shilingi 39,000, ataka kujua alikuwa na ngapi. Atasema: kitu kasoro sehemu ya arubaini ya kitu ni sawa na 39,000, basi kitu ni 40,000, na zaka yake ilikuwa 1,000. Na mla riba naye kwa hesabu ii hii atajua ni kiasi gani amekamua katika mkopo wake, na hesabu haitamkataza. Kwa hiyo sharia ndiyo itangulie. Sharia ndiyo isemayo kuwa gharama za mazishi na madeni hutolewa kwanza, kisha wasia usiozidi thuluthi, kisha warithi kwa mafungu yao. Na aya za 11, 12 na 176 za Suratun Nisaa ndizo msingi wa mafungu hayo. Hesabu kazi yake ni kuyafikisha mafungu hayo kwa wenyewe bila ya kupungua. Mwenye hesabu asiye na sharia ni mwenye upanga asiyejua adui yake, na mwenye sharia asiye na hesabu ni mwenye kujua njia asiye na miguu.

Tena mwenye kuijua asitakabari. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808 wa Hijra (1406), ametaja katika Mukadima yake kwamba anayeanza kujifunza hesabu tangu mwanzo wa mambo yake humzoeza ukweli ukawa ni tabia yake, kwa kuwa misingi yake ni sahihi na yataka mtu aihasibu nafsi yake. Na hili ndilo tunda lake lililo bora. Katika hesabu hapana wa kumwonea haya. Tajiri akikosa amekosa, na mtoto wa chuo akipata amepata, na kila mmoja aweza kuihakikisha jawabu kwa kuirudisha pale ilipotoka. Mwenye kuzoea hivyo huona uzito kusema asilolijua.

Basi yapasa walimu wa vyuo na madrasa wasiishie kuwahifadhisha wanafunzi matini ya Rahabia peke yake. Matini hiyo ni tukufu, na wengi wameihifadhi, lakini kuhifadhi mafungu si kugawa mali. Mwanafunzi akimaliza mlango, na apewe ubao, aambiwe: fulani amekufa, ameacha hawa, deni ni hili, wasia ni huu, kisichojulikana kiite kitu, uendelee nacho. Aanze kwa mas'ala ya kumi kasoro kitu, kisha ndugu wawili, kisha mwana mwenye deni. Katika kila mas'ala aambiwe airudishe jawabu yake kwenye mizani kabla ya kuinuka. Miezi michache yatosha kwa kijana mwenye akili ya kati. Na mji ukipata vijana watatu au wanne wa namna hii, faradhi imetekelezwa, na mjane akifiwa na mumewe atakuwa na wa kumwendea.

Na yule mwema aliyekabidhiwa mali naye hajui, heshima yake haipungui kwa kusema, "Sijui, na aitwe fulani." Neno hilo moja hulinda mali ya yatima, na hulinda shingo ya msemaji wake Siku ya Kiyama, siku ambayo mizani itawekwa, wala hapatakuwa na kukisia.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu elimu yenye manufaa, na awape wagawaji wao uadilifu pamoja na ujuzi, na azilinde mali za mayatima na wajane. Amin.

Wallahu a'lam.